Kiuno kuuma usiku: mito niliyoshona na nilivyorudi kupata usingizi

Kiuno kilikuwa kinaniuma usiku kuliko mchana, na hapo ndo watu wengi walikuwa hawanielewi, maana ukisema mgongo unauma unaambiwa kapumzike, kalale, sasa mimi kulala kwenyewe ndo kulikuwa kunauma. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, natumia cherehani ya kukanyaga miaka mingi, na kuanzia Disemba mpaka Januari kuna sare za shule, alafu Ramadhani ikielekea Idi ndo usiseme, unakaa kwenye stuli umeinamia kitambaa mpaka usiku mkubwa. Mchana mwili ukiwa wa moto sisikii sana. Nikishapanda kitandani, ikifika saa nane saa tisa usiku naamka nataka kujigeuza siwezi, kiuno kimekaza, na bega la kulia, hili la mkono wa mkasi, linachoma mpaka vidole vinakufa ganzi.

Ushauri nilipata mwingi. Jirani akaniambia lala chini kwenye mkeka, mwingine akasema weka ubao chini ya godoro, mteja wangu mmoja mama mtu mzima akawa ananichua kwa mafuta ya karafuu na kwa kweli akishanichua napata nafuu lakini alfajiri yote yamerudi. Kwenye mkeka nililala, nyonga na bega vikaanza kuuma pale vinapogusa sakafu, na kiuno chenyewe kikabaki kinaelea hakijashikwa na kitu chochote.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja wa fiziotherapia, wale wa tiba ya viungo, hospitalini. Hakuanza na dawa wala picha, aliniambia, "Mama, panda kitandani ulale chali kama unavyolala nyumbani." Nikalala miguu nimeinyoosha. Akapitisha mkono wake kati ya kiuno changu na kitanda, ukapita wote mpaka upande wa pili. Akachukua shuka akaikunja, akaikunja tena mpaka ikawa nene, akanisukumia chini ya magoti, magoti yakapanda kidogo. Akarudisha mkono kiunoni, safari hii haukupita. Na mimi nikasikia kabisa misuli ya kiuno inalegea yenyewe, sijafanya kitu chochote, nimelala tu. Nilitaka kulia.

Akanieleza kwa nini. Ukilala chali miguu imenyooka, ile misuli ya mbele ya nyonga inavuta uti wa mgongo kwa mbele, kiuno kinajikunja upinde usiku kucha. Ukinyanyua magoti ule mvuto unapungua. Ukilala ubavu nako kuna shida yake, mguu wa juu unaangukia mbele, unavuta nyonga, kiuno kinajisokota, na unakaa hivo masaa. Kwa hiyo unaweka mto katikati ya magoti, tena si magotini tu, uende mpaka kwenye vifundo vya miguu, maana goti likishikwa mguu wa chini ukining'inia nyonga bado inajisokota. Bega bovu usililalie. Ukilalia lile zima kumbatia mto kifuani ili mkono wa upande unaouma upate pa kukaa, usivutwe kwenda mbele. Na mto wa kichwa ujaze ile nafasi kati ya sikio na bega, usizidi usipungue, shingo ikae sawa na mgongo. Kifudifudi alinishauri niache maana shingo inageuka upande mmoja usiku mzima, ila kwa mtu asiyeweza kabisa kulala vingine alisema aweke mto mwembamba chini ya tumbo.

Sasa mito yote hiyo naitoa wapi, na mimi nina mto mmoja na baba watoto ana wake? Nikashona. Nilichukua kitambaa cha marikani, kile kizito, nikakata mto mrefu wa kuanzia juu kidogo ya goti mpaka unapita kifundo, nikapiga mishono miwili pembeni ili usipasuke, nikajaza sufi. Hapa nikae kidogo maana watu wengi mto unawashinda hapa hapa. Sufi ukiijaza kidogo, ikifika katikati ya usiku mto umelala, magoti yanagusana, hujafanya kitu. Ukiijaza sana inakuwa ngumu inakuamsha. Mimi napima kwa ngumi, nakandamiza mto mezani, nikikuta ngumi imefika mezani naongeza sufi, nikikuta mto haubonyei kabisa natoa. Alafu lazima uichambue kwa vidole kabla ya kujaza, utoe mbegu na madonge, mana donge moja tu likikaa chini ya goti utalisikia. Juu nikavalisha foronya ya kanga kuukuu, ina vifungo, naivua naifua, sufi yenyewe haifuliwi, naianika juani na mto wake na kuupigapiga. Kanga kuukuu ni nzuri kwa sababu ni pamba imeshalainika, na joto la hapa kwetu ukiweka kitambaa cha nailoni katikati ya miguu hutalala. Mto wa pili nikaufanya mfupi mnene wa kukumbatia.

Godoro nalo. Letu ni la sponji na pale ninapolala mimi palikuwa pamebonyea, ukilaza mpini wa fagio juu ya godoro unaona mwanga chini yake kwenye usawa wa nyonga. Nilipofunua nikakuta chini chaga moja imepasuka na zilizobaki zimeachana mno, kwa hiyo hata godoro jipya lingezama pale pale. Seremala akaongeza chaga, akabadilisha ile iliyopasuka, tukageuza godoro, upande wa chini ukawa juu na wa kichwani ukaenda miguuni, hiyo kazi haikula hela nyingi na ilisaidia kuliko nilivyotegemea. Kuhusu godoro gumu, watu wengi wanaamini gumu kabisa ndo dawa ya mgongo, binti yangu anasoma uuguzi akanisomea kwenye simu utafiti wa Hispania uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2003, watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu waligawanywa, wengine wakapewa godoro gumu, wengine la ugumu wa wastani, na baada ya siku 90 wale wa wastani ndo walikuwa wanaumia kidogo zaidi kitandani na wakati wa kuamka. Kwa hiyo kama unakwenda kununua, usichague linalofanana na sakafu. Ila angalia chaga kwanza.

Kuamka kulihitaji kujifunza upya. Zamani nilikuwa najivuta kunyanyuka moja kwa moja, kiuno kinapiga kama kinakatika. Sasa nakunja magoti yote mawili kwanza, nageuka ubavu mwili mzima kwa pamoja kama gogo, mabega na nyonga vinakwenda pamoja visipishane, nashusha miguu pembeni ya kitanda huku najisukuma na kiwiko na kiganja, nakaa. Sisimami hapo hapo, nakaa kidogo. Na kabla hata ya kushuka, nikiwa bado chali, navuta goti moja kifuani polepole alafu jingine, alafu nalaza magoti kulia na kushoto mara kadhaa, ndo mwili unafunguka.

Kuna jambo jingine nililifurahia sana kulijua. Zile sahani laini zilizo katikati ya pingili za uti wa mgongo usiku zinafyonza maji zinavimba, ndo maana asubuhi mtu anakuwa mrefu kidogo kuliko jioni, na ndo maana asubuhi ukiinama kiuno kinapata shinikizo kubwa zaidi. Na sisi wanawake wa huku kazi ya kwanza ya asubuhi ni nini? Kuinama na fagio la chelewa kufagia uwanja. Yule dada alinisisitiza kuinama niache kwa muda wa kama saa moja baada ya kuamka. Uwanja sasa nafagia baadaye, na fagio nimelifunga mpini mrefu nasimama wima. Sala ya alfajiri, zile siku maumivu yalikuwa makali niliswali nimekaa kwenye kiti, dini imemruhusu mgonjwa, na nilipopata nafuu nikarudi kwenye rukuu na sijida bila shida.

Kabla ya kulala naweka joto, chupa ya maji ya moto nimeizungushia taulo, dakika 15 mpaka 20 kiunoni, alafu naitoa. Usilale nayo, mtu unapitiwa na usingizi unaungua hujui, na mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia kwenye ngozi aogope zaidi. Dawa za maumivu nilikuwa nameza diklofenaki za duka la dawa, daktari akaniuliza kuhusu tumbo na presha, maana zinachubua tumbo, zinaweza kuleta vidonda, na figo nazo zinaumia na presha inapanda, akaniambia nisizimeze hovyo bila kuuliza. Kulala kitandani kutwa kujiuguza pia alinikatalia, alisema misuli inalegea na maumivu yanakaa zaidi, nitembee, nifanye kazi nyepesi. Kwenye cherehani nimepandisha stuli, meza ya kukatia nimeiwekea matofali chini ili nisiiname, na nanyanyuka kila nusu saa hata kama mteja amesimama mlangoni anasubiri.

Haya yote yalinisaidia zaidi pale mama mkwe alipoanguka akavunjika nyonga akaletwa kwetu. Yeye hakuwa kitandani usiku tu, alikuwa kitandani kutwa, na maumivu yake mengine hayakutokana na mfupa uliovunjika, yalitokana na kulalia sehemu moja. Alikuwa ananiambia, "Mwanangu, kisigino kinaniwaka moto." Nikamshonea mto mpana mwembamba wa kukaa chini ya miundi, kuanzia chini ya goti mpaka juu ya kisigino, visigino vyenyewe vinabaki hewani havigusi shuka. Palikuwa pamoto ukiweka mkono, baada ya kuanza kuviinua vikapoa na ngozi haikuchanika. Tulikuwa tunamgeuza kila baada ya masaa mawili hivi, mimi na binti yangu na baba watoto kwa zamu, mara chali mara ubavu wa upande usiovunjika, na akiwa ubavu hatumlazi wima kabisa juu ya nyonga, tunamwegemeza kidogo kwenye mto nyuma ya mgongo. Kumgeuza tunamnyanyua kwa shuka aliyolalia, tukimburuza ngozi inachubuka. Na shuka lazima ivutwe inyooke, mkunjo mmoja chini ya makalio unatosha kuleta kidonda.

Kitu ambacho manesi walitufundisha na nawaomba sana mkishike, ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Ukisubiri uone pekundu utachelewa. Pitisha mgongo wa kiganja kwenye visigino, nyonga, mfupa wa juu ya makalio, mabega na nyuma ya kichwa, usikilize pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au pamekuwa laini isivyo kawaida, rangi imekolea zaidi, au mgonjwa anasema panauma. Ukikuta hivo usimlaze tena hapo, na usipasugue. Ile mito ya duara yenye tundu katikati ambayo watu hununua, tuliambiwa tuiache, kingo zake zinabana damu pembeni ya tundu.

Sasa kuna maumivu ambayo hayataki mto wala godoro, yanataka hospitali haraka. Ukisikia ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, mkojo hauzuiliki au hautoki, haja kubwa inakutoka, mguu unaishiwa nguvu, nenda siku hiyo hiyo usingoje kesho. Homa na mgongo kwa pamoja, kukonda bila sababu, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, au yale ya usiku ambayo hata ujigeuze vipi hayabadiliki, nenda. Na vijana, kama mgongo unakakamaa kila asubuhi zaidi ya nusu saa na unalegea ukishatembeatembea, hiyo kwa miezi, mwambieni daktari hivo hivo kwa maneno hayo hayo.

Kiuno changu hakijapona moja kwa moja, msimu wa sare ukifika bado kinakumbusha, ila silali macho tena, nikizinduka saa tisa najua mto umetoka magotini, nautafuta nauweka naendelea kulala. Bega limechukua muda mrefu zaidi kuliko kiuno, vidole haviishiwi hisia tena lakini kunyanyua mkono kufunga nywele bado kuna pembe moja inauma, mazoezi yake naendelea nayo.

Mdogo wangu alipokuwa mjamzito miezi ya mwisho nilimshonea ule ule mrefu ila nikauongeza urefu ukashika na tumbo. Yeye ana pumu na sufi ina vumbi linalomsumbua kifua, kwa hiyo nikajaza vipande vya sponji nilivyovikata vidogo vidogo na mabaki ya vitambaa laini vya pamba, na naomba wenye pumu mfanye hivyo. Vitambaa peke yake vinakuwa vizito vinashuka upande mmoja, changanya na sponji, na ugawe mto kwa mshono katikati ili vitu visikimbilie mwisho mmoja.