Misimu Mitatu ya Kujifunza Kuchuma Uyoga wa Mchwa Malava

Nilizaliwa na kukulia Kisumu, na kwa miaka mingi uyoga pekee niliokuwa nikiujua ni ule uliokaushwa, ambao mama yangu aliununua katika soko la Kibuye kwa kipimo cha mkebe, akauloweka tangu asubuhi, kisha akaupika jioni kwa karanga zilizosagwa. Kwetu tuliuita obuolo, na sikuwahi kujiuliza ulikotoka. Nilipoolewa Malava, kaskazini mwa mji wa Kakamega, ndipo nilipouona kwa mara ya kwanza ukiwa bado umesimama ardhini, mweupe na wenye umande, na ndipo nilipotambua kwamba watu wa huku, ambao huuita obwoba, wana elimu kuhusu chakula hiki ambayo mimi sikuwa nayo hata chembe. Ilinichukua misimu mitatu ya masika kuweza kutoka peke yangu na kurudi na kikapu ambacho ningethubutu kumpikia mtoto wangu. Nimejifunza aina moja tu, uyoga wa mchwa, nayo ndiyo nitakayoieleza.

Mwalimu wangu alikuwa mama mkwe, ambaye alizaliwa kando ya msitu wa Malava, ule ambao barabara ya Kakamega kwenda Webuye hupita ndani yake. Katika masika ya kwanza nilimfuata tu kama mtoto anavyomfuata mama yake shambani. Alitoka alfajiri baada ya usiku wa mvua kubwa, akiwa na kikapu, kisu kifupi na jembe dogo, akaenda moja kwa moja hadi kwenye vichuguu fulani bila kuangaza macho huku na huku. Nilidhani ana bahati. Baadaye nilielewa kwamba kichuguu kilichotoa uyoga mwaka huu aghalabu hutoa tena mwaka ujao, na kwamba yeye alikuwa amevihifadhi akilini vichuguu hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini, pamoja na majira ya kila kimoja.

Sababu yake iko chini ya ardhi. Mchwa wa jamii hii hukusanya majani makavu, vijiti na mabua, huyatafuna, na kutokana na kinyesi chao hujenga ndani ya kichuguu matuta laini yenye vitundu kama sega la nyuki. Juu ya matuta hayo hustawi kuvu ambao huvunjavunja sehemu ngumu za mimea ambazo mchwa wenyewe hawawezi kuzisaga, kisha mchwa hula kuvu hao pamoja na tuta lililokwisha kulainika. Mmoja hawezi kuishi bila mwenzake. Mvua inapoloweka udongo, kuvu hao husukuma uyoga kutoka kwenye matuta kuelekea juu, wakati mwingine kupitia udongo wa kina cha mkono mzima, na ndiyo maana kofia ya uyoga huu ina ncha ngumu katikati, mfano wa ncha ya mkuki, inayotangulia kutoboa ardhi. Wataalamu huuita Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Jamii yake ina aina nyingi: zipo ndogo kama kifungo cha shati ambazo hujitokeza kwa mamia, na huko Zambia ipo moja ambayo kofia yake huweza kufikia upana wa karibu mita moja.

Laiti ningeyajua haya mapema. Mwezi wa Aprili wa masika hayo ya kwanza, siku ambayo mama mkwe alikuwa ameenda sokoni, nilivuka malisho ya ng'ombe nikaona uyoga mkubwa, mweupe, uliopendeza kweli, umeota hatua chache tu kutoka kwenye kichuguu cha zamani. Nilijiambia kwamba kwa kuwa kichuguu kipo, bila shaka huu ni ule ule. Niliukata kwa kisu usawa wa majani, nikaacha sehemu ya chini ardhini, nikaupika kwa kitunguu na nyanya, na nikala peke yangu kwa sababu binti yetu Nekesa alikuwa shuleni. Hadi leo namshukuru Mungu kwa hilo. Muda usiozidi saa mbili baadaye nilianza kutapika, tumbo likikata na kuendesha, mpaka jirani akaniita bodaboda ya kunipeleka kituo cha afya.

Mhudumu aliyenipokea aliniuliza mambo mawili kabla ya yote: nilikula saa ngapi, na kama kulikuwa na uyoga uliobaki. Wakati ule maswali hayo yalinishangaza, lakini yana maana kubwa. Uyoga unaotapisha ndani ya saa chache mara nyingi humtesa mtu kwa siku moja au mbili kisha mwili ukapona, mradi asipungukiwe na maji. Ule unaoua kwa kuharibu ini, kama vile Amanita phalloides na jamaa zake, kwa kawaida hukaa kimya saa sita au kumi na mbili, hata zaidi. Kisha mtu hutapika na kuhara, hupata nafuu ya kumdanganya, na wakati anapodhani amepona ini linazidi kuharibika. Kupika, kukausha wala kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Aidha, mtu akila aina mbili kwa pamoja, kutapika mapema hakumhakikishii kwamba ameepuka ile mbaya zaidi, na kwa hiyo niliwekewa dripu na kuangaliwa hadi siku ya pili.

Nilipoulizwa uyoga uliobaki, mume wangu alirudi nyumbani kuuleta. Nilikuwa nimeacha kofia mbili juu ya karatasi jikoni, na alipoziinua alikuta chini yake vumbi laini la rangi ya kijani kilichofifia. Vumbi hilo ni mbegu za uyoga wenyewe, na rangi hiyo ni ya aina moja inayopenda nyasi na malisho katika nchi nyingi za joto, Chlorophyllum molybdites, ambayo huwatapisha watu wengi kwa sababu ya ukubwa na weupe wake. Uyoga wa mchwa hautoi mbegu za kijani kamwe. Za kwake ni za rangi ya waridi iliyofifia.

Mama mkwe hakunikemea. Nilipopata nguvu aliniambia tu, "Mama Nekesa, chukua jembe twende." Tulifika kwenye malisho, akachimbua mmoja uliokuwa bado umesimama. Shina lilikuwa na pete iliyoweza kusogezwa juu na chini kwa vidole, na chini kabisa lilivimba kama kitunguu kidogo, kisha likaisha. Hapakuwa na mzizi. Kofia ilikuwa na magamba ya kahawia juu ya weupe, wala haikuwa na ncha. Kisha akanipeleka hadi kwenye kichuguu chake nyuma ya migomba, akachagua mmoja, akaanza kufukua taratibu kando ya shina. Shina liliendelea chini, likawa jembamba, jeupe na gumu kama kamba, nasi tukalifuata hadi jembe lilipozama katika shimo la mchwa na tuta lile lenye vitundu likaonekana. "Usiponionyesha hiki," alisema akishika mzizi, "usiniletee jikoni."

Hapo ndipo palipokuwa na elimu yote, na masika ya pili nzima niliyatumia kuizoea. Sikuchuma chochote bila kufukua, hata kama ilinichukua robo saa kwa kila mmoja. Nilitazama ncha ya kofia, ambayo huwa nyeusi zaidi kuliko sehemu nyingine na ngumu ukiigusa. Nilitazama ukingo wa kofia, ambao hupasuka uyoga unapofunguka. Nilitazama kurasa nyembamba zilizo chini ya kofia, ambazo huwa nyeupe kisha zikageuka kuelekea waridi. Nilitazama chini ya shina kama kuna mfuko au kikombe cha ngozi, kwa maana kikombe hicho ni alama ya jamaa za Amanita, na mtu anayekata uyoga usawa wa ardhi huacha alama hiyo udongoni. Kofia moja kutoka kila kichuguu kipya niliilaza juu ya karatasi, nikaifunika kwa bakuli usiku kucha, na asubuhi nikasoma rangi. Hata hivyo sikuitegemea rangi ya waridi pekee, kwa kuwa upo uyoga mwingine wenye mbegu za rangi hiyo, na baadhi yake ni sumu. Alama zote zilipaswa kukubaliana, na mzizi ndio uliokata shauri.

Katika msimu huo pia nilisikia kila aina ya ushauri kutoka kwa watu waliosikia yaliyonipata. Mmoja alisema nitie sarafu ya fedha chunguni, ikiwa nyeusi nimwage. Mwingine alisema uyoga ulioliwa na wadudu ni salama kwa binadamu. Naamini walinitakia mema, lakini mambo haya hayana ukweli: sumu inayoharibu ini haibadilishi rangi ya sarafu, na konokono na funza hula uyoga wa sumu bila kudhurika. Naona uchungu kila ninaposikia ushauri huo ukitolewa kwa vijana, kwa maana unampa mtu ujasiri mahali anapohitaji hofu.

Masika ya tatu nilianza kwenda peke yangu. Nilikuwa na daftari ambalo nilichora ndani yake boma letu, shamba la mahindi, migomba na mpaka wa jirani, nikaweka alama kwenye vichuguu kumi na kimoja, na kando ya kila kimoja nikaandika tarehe ya mvua na tarehe ya uyoga. Kwetu huanza kuonekana mvua zikishakolea mwezi wa Aprili, hasa ikinyesha usiku na jua likatoka asubuhi. Ni lazima mtu awahi. Uyoga uliofunguka jana huwa umelainika leo na kujaa funza, na ule ambao kofia yake haijafunguka kabisa ndio mtamu na mgumu wa kutosha kukaushwa. Huwa naacha kadhaa zifunguke mahali pake, na udongo niliouchimbua naurudisha na kuushindilia kwa mkono ili mvua isiingie katika matuta ya mchwa. Kikapu ni bora kuliko mfuko uliofungwa, ambao huufanya uyoga utoe jasho na kuoza kabla ya adhuhuri. Sichumi kando ya barabara kuu, wala katika miwa iliyonyunyiziwa dawa ya magugu. Ndani ya msitu wa serikali siingii kuchuma bila kuuliza kwanza katika ofisi ya misitu.

Jambo gumu kuliko kuutambua uyoga lilikuwa kuvitetea vichuguu. Huku kwetu mchwa ni adui wa nguzo, mahindi na paa, na mtu akiona kichuguu hutafuta malkia amtoe au humwaga dawa. Trekta linapoandaa shamba la miwa husawazisha kila kitu. Mume wangu alikuwa amepanga kukisawazisha kile kilicho nyuma ya migomba ili aongeze mistari miwili ya mahindi, nami nilimwomba anisikilize kwanza. Nilimweleza kwamba uyoga huu haupandwi kama ule uitwao mamama, ambao wakulima hununua mbegu zake na kuukuza ndani ya mifuko ya majani makavu. Huu hutoka pale mchwa wanapoishi, na kichuguu kikifa hakuna duka la kununua kingine. Nilimwonyesha daftari, nikamhesabia milo tuliyopata hapo kwa misimu miwili. Aliafiki kukiacha. Kile cha mpakani hatukukiwahi, kwa kuwa jirani alikuwa amekwisha kukodisha shamba lake, na masika yaliyopita nilisimama pale penye alama ya daftari langu nikaona miche ya miwa tu.

Siku ya kwanza niliyorudi na kikapu kilichojaa bila msaada wa mtu, mama mkwe alikuwa ameketi barazani akichambua wimbi. Alikiweka kikapu miguuni pake, akashika kila kofia, akaugeuza, akautazama mzizi na kuuweka kando. Alipofika chini alitoa tatu ambazo mizizi yake ilikuwa imekatika karibu na shina. Nilimwambia kwamba zilitoka kichuguu kile kile, na kwamba jembe ndilo lililozikata. "Huenda," alijibu, akazitupa mbali na kuku. Zilizobaki tulizikwangua udongo kwa kisu bila kuziloweka, nusu tukazipasua kwa urefu na kuzianika juu ya ungo, na nusu tukazichemsha kidogo, tukamwaga maji, tukazikaanga kwa kitunguu na kumalizia kwa malai ya maziwa. Nekesa aliletewa kijiko kimoja tu kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kula uyoga wa porini, na bibi yake akakaa naye hadi usiku kabla ya kukubali aongezwe kesho yake.