Sheria ya 1905 na Macho ya Watu: Uislamu Wetu Nchini Ufaransa

Kila ninapopiga simu nyumbani Mombasa, hasa nyakati za Ramadhani, jamaa zangu huniuliza kwa masikitiko kama kweli Ufaransa imepiga marufuku dini yetu, nami hujikuta nikiitetea sheria ambayo wengi wa wanaoitaja ili kuninyamazisha hapa Lyon hawajapata kuisoma.

Sheria yenyewe, inayotenganisha dini na dola, ni ya tarehe 9 Desemba 1905. Kifungu chake cha kwanza kinasema kwamba Jamhuri inahakikisha uhuru wa dhamiri na uhuru wa kuabudu, isipokuwa pale utulivu wa umma unapodai mipaka. Cha pili kinasema kwamba Jamhuri haitambui dini yoyote, wala hailipi mishahara ya viongozi wa dini, wala haitoi ruzuku kwa ibada. Ilitungwa ili kulitoa Kanisa Katoliki katika uendeshaji wa dola, na Waislamu wa Ufaransa bara walikuwa wachache mno wakati huo hata wasiingie katika hesabu ya watunga sheria. Kule Algeria, ambako Waislamu walikuwa mamilioni chini ya bendera hiyohiyo, serikali ya kikoloni iliendelea kuwalipa maimamu ili iwashike vizuri.

Anayebanwa na sheria hiyo ni dola na watumishi wake. Mwalimu wa shule ya serikali, karani wa halmashauri, askari polisi na muuguzi wa hospitali ya umma hawaruhusiwi kuonyesha dini yao wakiwa kazini, kwa kuwa mtu anayefika dirishani anastahili kuhudumiwa na Jamhuri bila kujali imani ya aliyeketi upande wa pili. Mwananchi anayehudumiwa hakubanwa. Mimi huingia posta, ofisi ya kodi na hospitali nikiwa na hijabu yangu, na hakuna kifungu kinachonizuia. Kilichokatazwa barabarani, kwa sheria ya Oktoba 2010, ni kufunika uso, na anayevunja katazo hilo anaweza kutozwa faini ya hadi euro 150.

Wanaopenda kusema kwamba Jamhuri haina dini husahau jinsi ilivyojipa vighairi. Makanisa yaliyojengwa kabla ya 1905 ni mali ya umma na hukarabatiwa kwa fedha za umma, huku Wakatoliki wakiyatumia bure. Katika sikukuu 11 za kitaifa, sita ni za Kikristo. Alsace na Moselle, mashariki mwa nchi, zilikuwa chini ya Ujerumani mwaka 1905, kwa hiyo mpaka leo mapadri, wachungaji na marabi wa huko hulipwa na serikali, lakini si maimamu. Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa Julai 1926, ulijengwa kwa msaada wa fedha za serikali kama shukrani kwa wanajeshi Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Na Mayotte, kisiwa cha ndugu zetu wa Ngazija na Nzuwani ambako Mswahili akisikiliza kwa makini hupata maneno mengi ya kwao, imekuwa mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011, ilhali makadhi wake bado hulipwa na serikali ya kisiwa, ingawa mamlaka yao ya kuhukumu yameondolewa. Nasema haya ili mtu asiniambie kwamba kanuni haipindiki. Hupindika sana, ila hutegemea nani anaomba.

Shuleni ndiko mambo yalikogeuka. Mwaka 1989, katika mji wa Creil, wasichana watatu walifukuzwa shule kwa sababu ya hijabu, na Conseil d'État, mahakama ya juu kabisa katika masuala ya utawala, ilipoombwa maoni ilijibu kwamba vazi la dini peke yake halipingani na shule ya serikali, mradi halitumiwi kushinikiza wengine wala kuvuruga masomo. Msimamo huo ulidumu miaka 15. Kisha ikaja sheria ya Machi 2004 iliyowakataza wanafunzi wa shule za msingi na sekondari za serikali kuvaa alama zinazodhihirisha dini, na kwa mara ya kwanza masharti yaliyokuwa ya mwalimu yakawekwa kichwani mwa mtoto. Agosti 2023 Waziri wa Elimu, Gabriel Attal, aliongeza abaya katika orodha, na Conseil d'État ikakataa kulisimamisha katazo hilo. Abaya, ambayo kwetu Pwani ni vazi la kwendea sokoni na harusini, imegeuzwa kuwa tamko la kisiasa. Matokeo yake ni kwamba dola inayojigamba kutoijua dini yoyote imewapa wakuu wa shule kazi ya kupambanua langoni ni gauni lipi la Kiislamu na lipi ni gauni tu, na sote tunajua kwamba gauni lilelile huweza kuwa abaya likivaliwa na Khadija na kubaki gauni likivaliwa na Camille.

Kutoka kwa mwanafunzi, lawama ilihamia kwa mama yake. Mwanangu alipokuwa shule ya msingi, niliambiwa kwamba sitaweza kuwasindikiza watoto jumba la makumbusho nikiwa nimejifunika. Niliandika barua kwa ngazi ya juu nikikumbusha kwamba mwaka 2013 Conseil d'État ilieleza kuwa mzazi anayesindikiza watoto si mtumishi wa umma na hafungwi na masharti ya watumishi, isipokuwa pale shule ina sababu mahususi za utulivu. Nilikwenda. Wengine hawaandiki barua, ama kwa sababu Kifaransa chao hakijakaa sawa ama kwa sababu hati zao za ukaazi hazijakamilika, na hao hubaki nyumbani. Oktoba 2019, huko Dijon, mjumbe wa chama cha mrengo mkali wa kulia alimtaka mama aliyewasindikiza wanafunzi kwenye kikao cha baraza la jimbo avue hijabu mbele ya mtoto wake. Mwenyekiti wa baraza alimjibu kwamba hakuna sheria wala kanuni inayomkataza. Picha ya mtoto akilia kifuani mwa mama yake ilienea nchi nzima, lakini mjadala uliofuata ulikuwa juu ya hijabu, na ule utovu wa adabu ukapita hivihivi.

Katika ajira hakuna hata wa kumjibu anayebagua. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2010 walituma maombi ya kazi ya wanawake wawili wa kubuni wenye asili ya Senegal, jina la ukoo moja na sifa zilezile, mmoja akionekana Mkatoliki na mwingine Mwislamu. Yule Mwislamu alikuwa na nafasi pungufu mara mbili na nusu ya kuitwa kwenye usaili. Hapo rangi haikuwa sababu, maana wote walikuwa weusi.

Sipuuzi hofu ya Wafaransa. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya 2015 jijini Paris na kuuawa kwa mwalimu Samuel Paty na mtu mwenye itikadi kali mwaka 2020, ningeshangaa kama pasingekuwa na hofu. Lakini katika siku zilezile za Januari 2015, Lassana Bathily, Mwislamu kutoka Mali, aliwaficha wateja katika chumba cha chini cha duka la Kiyahudi alikofanya kazi, gaidi alipolivamia, na Jamhuri ikampa uraia. Na Aprili 2025, kijana mwingine wa Mali aliuawa kwa kisu ndani ya msikiti wa La Grand-Combe. Mwislamu akitenda uovu, sote huulizwa. Akitendewa, wachache hukumbuka kutuuliza hali.

Wala jamaa zangu wasidhani kwetu pameshatulia. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hakuna dini ya taifa, inazitambua Mahakama za Kadhi, na Idul Fitri ni sikukuu ya wote. Hata hivyo, katika kesi ya shule ya Kiwanjani huko Isiolo, Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu wasichana kuvaa hijabu mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, tena kwa sababu za kiutaratibu.

Binti yangu anamaliza sekondari mwaka huu. Asubuhi huvua mtandio langoni, jioni huuvaa tena. Chuo kikuu atavaa apendavyo, kwa kuwa sheria ya 2004 haifiki huko, lakini anataka kusomea uuguzi, na atakapopelekwa kujifunza kazi katika hospitali ya umma atatakiwa kuuvua, wakati mgonjwa anayemhudumia ataruhusiwa kubaki na wake. Hospitali binafsi nazo zinaweza kuweka kanuni ya namna hiyo. Babake anamshauri achague uhasibu. Mimi nimempa nakala ya sheria ya 1905 aisome mwenyewe, na tangu aisome amekuwa akibishana na sisi wote wawili mezani, kwa Kifaransa, kwa kasi ambayo babake hawezi kuifuata.