Siku yangu kati ya Amsterdam na London

Saa tisa na nusu usiku simu inaniamsha. Nachemsha chai ya tangawizi, nanyoosha skafu kwa pasi, nawahi treni. Mimi ni mhudumu wa ndege, na leo nina safari nne: Amsterdam–London, kwenda na kurudi mara mbili.

Saa kumi na moja na nusu tunakutana na marubani. Kapteni anasema upepo unatoka magharibi, kama ilivyo kawaida huku. Kwenda tutapambana nao, kurudi utatusukuma. Kutoka Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, hadi Heathrow, uwanja wa London, ni kilomita 370 hivi. Kwetu Mombasa, hata Nairobi ni mbali zaidi.

Saa moja na robo milango imefungwa. Tiketi inasema tutafika saa moja na dakika 35, na mzee wa kiti cha dirishani ananiuliza kama kweli ni dakika 20. "Hapana, mzee wangu. Saa za London ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Safari ni saa moja na dakika 20."

Angani kwenyewe hatukai zaidi ya dakika 45 au 50. Zilizobaki zinaliwa chini. Leo tunaruka kutoka Polderbaan, njia ya kurukia iliyo mbali kuliko zote hapa Schiphol, na ndege inajikokota karibu robo saa kuifikia. Tunapita darajani juu ya barabara kuu, malori yakienda kasi chini yetu. Ardhi hii ilikuwa ziwa hadi lilipokaushwa mwaka 1852, na bado iko mita tatu hivi chini ya usawa wa bahari. Huwa namwonyesha kila anayetazama nje.

Taa ya mikanda ikizimwa nina dakika 25 za kugawa mkate na kahawa. Vikombe najaza nusu tu, maana pua ya ndege haikawii kuinama. Kisha tunafika upande wa Lambourne, sehemu ya angani ambako ndege husubiri zamu ya kutua Heathrow, na kuanza kuzunguka. Heathrow ina njia mbili tu za kutua, na foleni ya asubuhi ni ndefu. Mzunguko mmoja ni kama dakika nne. Leo ni miwili.

Ndiyo maana inaniuma mtu anapopanga ndege ya kuunganisha kwa kuhesabu dakika za angani peke yake. Majuzi dada mmoja alilia mikononi mwangu; ndege yake ya pili ilikuwa imeshafunga milango. Tafadhali, hesabu mlango hadi mlango.

Saa mbili na nusu, saa za London, tunageuza. Upepo unatubeba vizuri. Halafu yote tena, kahawa ileile, Lambourne ileile.

Saa tisa na dakika kumi alasiri nashuka Schiphol. Kilomita 1,480, zaidi kidogo ya saa tatu angani, karibu saa kumi kazini. Kesho ni Lisbon, kilomita 1,850 hivi kwenda tu. Huko vikombe nitajaza.