Vile mamangu alikula kwa wakati kwenye treni ya Mombasa

Wacha niandike hii maanake nilichoka na ushauri. Nilipoanza kuuliza watu hapa Nairobi vile naweza kumpeleka mamangu Mombasa kwa dadake, karibu kila mtu aliniambia nimkatie fasti klasi, huko watamlisha, wewe usijisumbue na chochote. Binamu yangu ndiye alisisitiza zaidi na hata hajawahi kuipanda. Jameni, si hivyo. Ukilipia Madaraka Express, treni ya sasa ya Nairobi hadi Mombasa, daraja la kwanza, ambayo tangu Januari 2024 ni 4,500 (ekonomi ni 1,500), unapata kiti kizuri, wawili wawili kila upande, na nafasi ya kunyoosha miguu. Chakula unanunua mwenyewe.

Na najua hiyo imani inatoka wapi. Inatoka kwa treni ya zamani, ile ya usiku iliyokuwa inaondoka stesheni ya mjini jioni, ambayo ilisimama 2017 wakati SGR, yani reli hii mpya, ilipoanza. Hiyo kweli ukiwa fasti au sekondi klasi unalishwa na unatandikiwa kitanda. Mamangu aliipanda enzi zake na mpaka leo anakumbuka mhudumu akipita kwenye ujia akigonga vyuma kuwaita watu wa zamu ya kwanza waende mezani, kisha supu, kisha nyama, na kitambaa cheupe mezani. Hata tukiwa Syokimau, stesheni ya kupandia hapa Nairobi, mabegi yamepangwa chini mbwa wanusenuse, bado ananiuliza, "Mwanangu, hawa wa siku hizi kengele yao hulia saa ngapi?"

Sasa shida yenyewe. Mamangu ana kisukari na hujidunga insulini kabla ya chakula cha jioni. Treni ya saa tisa alasiri inafika Miritini, stesheni ya Mombasa, karibu saa mbili usiku, kwa hivyo saa yake ya kula inamkuta njiani. Akijidunga halafu chakula kikawie, sukari inashuka, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anaanza kuongea vitu havishikani. Hiyo nimeiona nyumbani na sitaki kuiona katikati ya Tsavo.

Ushauri wa pili wa binamu ulikuwa twende wenyewe kwenye behewa la chakula, eti wazee huona raha kukaa mezani. Tukaenda. Mamangu magoti yake si ya jana, anatembea na mkongojo, na treni ikishashika mwendo pale maungio ya mabehewa sakafu inachezacheza, mlango unajifunga, kuna mtu anakuja na mtoto, kuna mwingine anapiga picha dirishani, kila mtu anamwambia "pole shosho, pita" lakini pa kupita hakuna. Alishika ukuta kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine, akasimama kabisa. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sitavuka hapa hata kama huko wanachinja ng'ombe." Nikamgeuza polepole. Na hapo mwisho wa behewa, tukiwa tumesimama apumue, ndio nikaona mzee mmoja ameinama kwenye bomba la maji moto anajaza kikombe chake, hana habari na mtu. Yani maji ya moto yako hapo, ya abiria wote, na hakuna hata mshauri wangu mmoja aliyewahi kulitaja.

Thamosi nilikuwa nayo tayari, na majani ya chai na tangawizi nilikuwa nimefunga kwa kikaratasi. Nilimrudisha kitini, nikarudi na thamosi. Jaza nusu tu, treni inatikisika na hayo maji yanaunguza kweli. Mamangu akapata chai ya rangi bila sukari, tangawizi imekolea, kifuniko cha thamosi ndio kikombe, na hapo akatulia akaanza kuangalia nje akitafuta ndovu. Hii chai ni muhimu kuliko inavyoonekana kwa sababu soda na juisi za kununua karibu zote ni sukari tupu, mgonjwa wa kisukari anabaki na maji tu.

Halafu chakula. Usingoje kitoroli. Kinapita, ndio, lakini kinapita kwa saa yake na si ya mgonjwa wako, na kikikufikia pengine kilichobaki ni biskuti. Nilimwacha mamangu na jirani yetu wa kiti, mama mmoja mstaarabu sana, nikaenda peke yangu behewa la chakula mapema, kabla watu hawajaanza kusikia njaa. Nikamwambia dada wa pale ukweli wote, nina mzazi wa kisukari, nataka wali kidogo, kuku na mboga, saa kumi na mbili na nusu, niko tayari kulipa sasa hivi. Aliandika namba ya behewa na kiti kwenye kikaratasi. Kwa watu wawili beba kama elfu mbili hivi, ikibaki ni yako. Saa ilipofika nilienda kuchukua mwenyewe, na mamangu hakushika sindano mpaka sahani iko mbele yake imefunguliwa. Hiyo usibadilishe hata mhudumu akikuambia "inakuja saa hii."

Kwenye mkoba nilikuwa pia na mayai ya kuchemsha, njugu, na glukosi ya unga endapo sukari itashuka. Insulini ilikaa kwenye kikoba cha baridi, na barua ya daktari ilikuwa juu juu kwa sababu ya sindano, wale wa ukaguzi waliisoma wakatupitisha.

Tulishuka Miritini ameshiba, anaongea, anamsimulia dadake kwa simu habari za kuku. Sasa anataka kurudi na ile ya asubuhi inayosimama Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Emali ili aone wanyama vizuri. Hiyo inachukua muda zaidi na inakula saa za chakula cha mchana, kwa hivyo nimeshanunua thamosi ya pili na nitachemsha viazi vitamu usiku wa kuamkia safari.