Soksi juu ya viatu: nilivyofika maporomoko ya Bwindi

Mwenzangu mmoja hapa Kampala, mjuaji wa kila jambo, alinipa mawaidha matatu ya kwenda Bwindi, ule msitu wa hifadhi wa kusini-magharibi mwa Uganda: andaa dola 800, gambuti ni za wakulima, na Juni hainyeshi. Yote matatu yalinitokea puani.

Hizo dola 800 ni kibali cha mgeni wa ng'ambo anayekwenda kuwaona gorila. Mimi nilitaka kutembea tu hadi maporomoko ya Mto Munyaga, na kwa kuwa ni Mtanzania nililipa kwa shilingi za Uganda. Beba pasi yako, maana bila hiyo utatozwa kama Mzungu. Ukijumlisha basi la hadi Butogota, boda hadi Buhoma lilipo geti la hifadhi, kitanda na mpagazi, hela yangu haikuzidi bei ya mbuzi wawili wazuri.

Viatu sasa. Nilinunua vya kupandia mlima, vipya, vya kung'aa. Askari wa hifadhi aliyetuongoza, bunduki begani, alivitazama, akatazama gambuti zake, akasema tu, "Haya, twende." Alipofika kwenye siafu ndipo aliponiambia nichomeke suruali ndani ya soksi. Nilichelewa kama nusu dakika. Sitaeleza walifika wapi.

Mvua ya Juni ilitukuta tumeshavuka mto mara mbili juu ya magogo. Msitu ule una kangaga warefu kama minazi michanga ya kwetu Tanga, na chini yao mawe yamevaa utelezi wa kijani. Nilianguka mara ya kwanza, mpagazi akaniambia pole. Mara ya pili, pole. Ya tatu nilikaa kabisa mtoni, maji mpaka kiunoni, na yule kijana akageuza uso ili nisimwone anavyocheka.

Hapo nikamkumbuka babu. Alikuwa mvuvi, na kwenye miamba yenye mwani alifunga matambara miguuni. Nilikuwa na soksi za sufu za akiba kwenye begi. Nikazivuta juu ya viatu, kwa nje, mpaka zikabana. Mpagazi akasema, "Mzee, umekosea kuvaa." Nikaweka mguu juu ya jiwe lililoniangusha. Haukusogea! Nikaweka wa pili, nikaruka kidogo kwa makusudi, kwa maringo. Sufu ikilowa hung'ang'ania jiwe, soli ngumu huteleza tu. Kuanzia hapo nilitangulia mbele ya mpagazi, nikimwambia "pole" kila alipoyumba, ingawa hakuyumba sana.

Maporomoko ni matatu. Mawili ya mwanzo ni mazuri, utapiga picha utaondoka. La tatu lina mita 33, na kabla hujaliona linakupulizia ukungu usoni, baridi kama mlango wa friji. Nilikaa pale nikala chapati iliyolowa, na ilikuwa tamu.

Kwenda na kurudi tulitumia kama saa nne, pamoja na muda wangu wa kukaa mtoni. Fimbo watakupa getini, ichukue hata kama una miaka ishirini. Mpagazi naye chukua, hata kama begi ni jepesi, maana hulipii begi, unalipia mkono wa kukuvuta.

Karibu na geti afande aliniuliza kama nina jozi nyingine ya soksi. Sikuwa nayo. Ile niliyovaa ilitoboka visigino nikaitupa. Viatu vipo, namba 42, mwenye kuvitaka aseme.