Ndugu wa Nanasi Juu ya Mlima Roraima

Siku tatu za kutembea kutoka kijiji cha Paraitepui, kusini-mashariki mwa Venezuela, sina haja ya kuzisimulia, ila niseme kwamba hema nililokodi kwa dola nyingi, na ambalo mwenyewe aliniapia kuwa ni jipya, lilivuja tangu usiku wa kwanza. Nilifika juu ya Roraima, mlima wa mita 2,810 ambao juu umekatwa bapa kama meza, nikiwa nimelowa chapachapa.

Mvua ilipopungua, kiongozi wetu, mtu wa kabila la Wapemon aliyezaliwa chini ya mlima huo, alinishika mkono akanionyesha kitu kilichonifanya nipige magoti matopeni. Majani ya manjano yenye ukijani yalikuwa yamekumbatiana wima mfano wa kopo, na ndani yake mlikuwa na maji. Kitaalamu mmea huo huitwa Brocchinia reducta, nao ni wa ukoo mmoja na nanasi. Mimi niliyekulia katika shamba la mananasi la bibi yangu, Muheza, nilidhani ukoo huo naujua. Nilipopitisha kidole ndani ya kopo kilitoka na ungaunga wa nta, na hapo nikaelewa: mdudu huvutwa na harufu tamu, akateleza, akazama katika maji yenye uchachu. Mvua ya karne nyingi imeufua mwamba ule wa mchanga hata haukubakiwa na rutuba, kwa hiyo mmea hujilisha kwa mizoga ya sisimizi. Hatua chache kando ulisimama mmea wenye majani mfano wa mtungi, Heliamphora nutans, usio na undugu wowote na nanasi, nao ukiishi kwa mtego wa namna hiyo hiyo. Tulikaa hapo hadi baridi ikaniuma vidole, wala sikutaka kuondoka.

Kiongozi aliniuliza kama milima ya kwetu nayo ina mimea yake. Nilimweleza habari za ua la zambarau la Usambara, lililopelekwa Ujerumani miaka ya 1890 na sasa huuzwa katika vyungu dunia nzima, ilhali shuleni kwetu hakuna mwalimu aliyewahi kututajia.

Tuliporudi Paraitepui, mikoba yetu ilipekuliwa, asije mtu akaondoka na mawe ya fuwele wala mimea. Wenzangu walinung'unika kwa kucheleweshwa. Mimi nilifungua wangu kwa hiari, nikiwaza kwamba laiti Usambara nako, miaka ile, angalikuwapo mtu wa kusimama njiani na kupekua.