Kitufe nilichobonyeza wakati wa daku

Barua pepe ya shirika la ndege iliingia Jumanne nikiwa kazini, glavu mkononi, namgeuza bibi mmoja kitandani. Niliisoma saa ya chai. Mistari sita. Wanasikitika, wanashukuru kwa uvumilivu wangu, na kule mwisho ndiko neno lenyewe lilikojificha: fidia hawalipi. Miezi mitatu na nusu ya kuandikiana, fomu moja nimeijaza mara mbili, na jibu halizidi urefu wa ujumbe wa M-Pesa.

Na wiki moja kabla yake, Julai 2025, ndiyo ilikuwa imetoka ripoti ya ule moto wa Machi ulioifunga Heathrow. Nitafika huko, ngojeni nipumue kwanza.

Wengi mnakumbuka. Usiku wa Alhamisi, tarehe 20 Machi 2025, transfoma ilishika moto katika kituo cha umeme cha North Hyde, kule Hayes, magharibi ya London. Kabla ya alfajiri wakatangaza Heathrow imefungwa kutwa nzima ya Ijumaa. Safari zaidi ya 1,300 zikavurugika, na abiria zaidi ya 200,000. Ndege zilizokuwa angani, nyingine zikageuka zilikotoka, nyingine zikatua nchi za watu. Mimi nilikuwa na tiketi ya jioni ya Ijumaa hiyo: Heathrow hadi Nairobi moja kwa moja, kisha tiketi nyingine mbali, niliyoinunua kivyake, ya Nairobi hadi Mombasa asubuhi ya Jumamosi. Kumi la mwisho la Ramadhani nyumbani, Idi nyumbani, baada ya miaka minne. Mabegi mawili, kilo 23 kila moja, nimeyapima kwa mizani ya bafuni mpaka mizani ikachoka.

Mama nilipompigia kumwambia kesho sifiki, hakuuliza habari ya tiketi. Aliuliza, "Kwani huko nako stima hupotea?" Akacheka, akamwita na dada yangu aje asikie.

Ana haki. Agosti 2023 stima ilipozimika Kenya nzima na uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, ukawa giza, jenereta ikagoma kuwaka, mimi ndiye niliyekuwa nasambaza zile video kwenye kikundi cha familia na vicheko. Mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege aliondolewa kazini hima hima. Huku, mkuu wa uwanja alikuwa amelala na simu yake imejiweka kimya bila yeye kujua, wasaidizi wake wakaufunga uwanja bila kumpata, uchunguzi ukasema uamuzi ulikuwa sawa, na kazini hakuondolewa. Ipi bora sijui. Video za kucheka nyumbani ndizo nimeziacha.

Basi, daku. Nimeamka saa tisa na nusu usiku, kwa saa za Leicester ninakokaa, naweka uji, naangalia simu. Ujumbe wa shirika: safari yako imefutwa. Chini yake vitufe viwili. Cha kwanza kimeandikwa kurudishiwa pesa, kikubwa, rangi ya kung'aa kama taa ya duka la simu. Cha pili ni cha kupangiwa safari nyingine. Nilipokifungua kikanionyesha siku ya karibu kabisa ni Alhamisi, tarehe 27. Alhamisi! Idi yenyewe inagonga mlango. Nikawaza kama tulivyolelewa kuwaza: pesa yako ikiwa mkononi mwa mtu naye amekwambia njoo uichukue, chukua kabla hajabadilisha nia. Nikabonyeza cha kwanza. Nikanywa maji, adhana ya simu ikalia, nikaswali alfajiri nikiwa na amani kabisa moyoni.

Asubuhi nikaanza kutafuta tiketi. Ile niliyokuwa nayo niliinunua Novemba, pauni 640 kwenda na kurudi. Sasa ya rahisi kabisa, tena ya kuunga mara mbili, ilikuwa 1,520. Ndipo nilipogundua pia kwamba nimerudishiwa tiketi yote, pamoja na kurudi kwangu kwa Aprili ambako hakukuwa na moto wala moshi.

Nikatoka nikaenda Belgrave Road kwa Mzee wa tiketi. Watu wa Leicester mnamjua, au mnawajua wenziwe: Wahindi wa kwetu, wenye ofisi ndogo za usafiri kati ya maduka ya sari na ya dhahabu, ramani ya dunia ukutani imekuwa manjano. Huyu amezaliwa Makadara. Aliingia nchi hii Februari 1968, wiki chache kabla ya sheria mpya kuwabania mlango Wahindi wa Kenya wenye pasi za Uingereza, na Kiswahili chake kimebaki palepale alipokiacha; bado anasema gari la moshi. Miaka yote nampita nikienda kununua maharage na unga. Mtu wa kisasa, nanunua tiketi kwa simu, ofisi ya nini?

Alinisikiliza, akavua miwani. "Binti, mbona ulibonyeza?"

Nikamwambia nilitaka kuokoa pesa zangu.

"Hukuokoa kitu. Umewaokoa wao."

Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo kwa miaka minne nchi hii sikulijua, na ndilo linalonifanya niandike. Ndege inayoondoka Uingereza, iwe ya shirika la nchi gani, ikifutwa, sheria inakupa wewe uchague: pesa yako, au wakufikishe ulikokuwa unakwenda mapema iwezekanavyo. Ukichagua kufikishwa, hawakudai hata peni ya juu, bei ya siku iwe imepanda mpaka mbinguni. Na kama wao wenyewe hawana nafasi ya karibu na shirika jingine linayo, wanapaswa kukutafutia huko. Ukisubiri, chakula juu yao, na ukilazimika kulala, hoteli juu yao. Hayo hayajali kosa ni la nani, hata ukiwa ni moto wa mtu mwingine. Lakini ukichukua pesa, mkataba umekwisha. Mmeachana. Umekuwa mpita njia mbele ya duka lao.

Wapi kwenye ule ujumbe waliniandikia hivyo? Kulikuwa na kiungo cha buluu kule chini, "soma haki zako", herufi za kusomwa na mchwa.

Mzee alipiga simu kujaribu kulirudisha lile ombi. Dakika 50 za muziki, kisha akaambiwa limeshapita. Akanitafutia Birmingham, Jumapili tarehe 23, kupitia Ghuba, pauni 1,340. Ujira wake hakuchukua. Nilipobisha alisema 1968 baba yake alinunua kiti chochote kilichokuwa kinakwenda, njia yoyote, kwa bei iliyotajwa, maana ukiwa na haraka hakuna anayekuuzia kwa bei ya jana. Akanipa na tende mbili kwenye karatasi, za kufuturia, Mhindi wa watu asiyefunga.

Tofauti ni pauni 700. Zidisha kwa 170 upate shilingi mwenyewe, mimi sitaki. Mshahara wa kima cha chini Machi ulikuwa pauni 11.44 kwa saa, kwa hiyo nimegeuza wazee vitandani saa 61 kwa ajili ya kitufe kimoja, tena kabla ya kodi. Yule nyumbani anayesema "nyinyi wa majuu hamkosi" aje anisaidie kugeuza.

Sasa sikieni la jamaa yangu wa Kisauni. Anakaa Northampton, tulikuwa ndege moja. Usiku ule alikula daku yake saa sita akazima simu, akalala mpaka saa mbili asubuhi. Aliyelala usimwamshe, walisema wazee, na hakuna aliyemwamsha. Alipofungua simu ujumbe ulikuwa wa zamani, akaogopa kubonyeza chochote asije akaharibu, akapiga simu. Akakaa kwenye foleni muda wa saa mbili na dakika arobaini. Alipopata mtu akasema, kwa kile Kiingereza chake cha taratibu, kwamba hataki pesa, anataka kufika Mombasa, na Jumamosi usiku kuna ndege ya shirika jingine kupitia Addis inayotua Mombasa penyewe, ameiona ina nafasi. Wakambishia, akarudia. Akarudia tena, bila kupandisha sauti. Wakamwandikia. Jumapili alifuturu kwao, biriani, akanipigia picha sahani. Mimi Jumapili nilikuwa Birmingham navua viatu kwa wakaguzi.

Sisi tumefundishwa kuona haya. Ukiambiwa hapana mara moja, unasema haya, asante, Mungu atafungua kwingine. Adabu nzuri sana hiyo kwenye barza. Huku aliye kwenye simu ana karatasi mbele yake, na lile "hapana" la kwanza limeandikwa kwenye karatasi. Hakulisema kwa ubaya, wala ukilirudia swali hujamvunjia heshima. Mimi hilo nimelinunua kwa 700.

Mnaojiandaa kuja, au mliokwisha kuja na bado mnanunua tiketi kwa sababu mtu kaituma kwenye WhatsApp na imepungua pauni 40: nunueni tiketi moja mpaka mwisho wa safari. Ile yangu ya Nairobi–Mombasa ya kivyake ilikufa kimya, shilingi 7,200, kwa kuwa kwa shirika la ndani mimi ni abiria aliyeshindwa kutokea tu. Moto wa Hayes wao unawahusu nini? Na mkinunua kwa wakala wa mtandaoni asiye na mlango wa kugonga, siku ya balaa shirika litawarusha kwa wakala na wakala atawarudisha kwa shirika. Pigeni picha ya kila skrini kabla ya kugusa kitu. Na sheria hii msiitumie vibaya mkirudi: kutoka Nairobi kuja huku inawashika mashirika ya Uingereza na ya Ulaya tu.

Haya, fidia. Hiyo ndiyo niliyokuwa naiandikia barua. Kwa umbali wetu ni pauni 520, ila hawalipi wakithibitisha ni hali iliyo nje ya uwezo wao. Moto kwenye kituo cha umeme kisicho chao ni hali ya namna hiyo, Mzee aliniambia mapema nisipoteze wino, na jibu la Jumanne limesema alivyosema. Sawa. Lakini ripoti inasema chanzo kinachoelekea zaidi ni unyevu ulioingia kwenye kifaa kimoja cha transfoma, na kwamba Julai 2018 sampuli za mafuta yake zilishaonyesha unyevu umepita kiasi. 2018! Kwetu mafuta ya transfoma huibwa yakakaangiwe chipsi, angalau mtu ameshiba. Haya yalipimwa, yakaandikwa kwenye daftari, yakaachwa humo karibu miaka saba. Nje ya uwezo wa shirika la ndege, kweli. Nje ya uwezo wa binadamu wote?

Nilifika Nairobi Jumatatu alasiri. Ndege za jioni za Mombasa zilikuwa 14,000 na zaidi, nikaenda zangu stesheni ya Syokimau, treni ya saa nne usiku, shilingi 1,500, mabegi yangu mawili na watoto wa watu miguuni. Hakuna kitufe kilichoniuliza chochote. Miritini, stesheni ya Mombasa, tuliteremka alfajiri haijaingia. Dada amekuja na kaka mwenye tuktuk, na chupa ya chai, na mahamri kwenye kitambaa, nikala daku nimekaa juu ya begi kwenye maegesho.

Pesa za tiketi ya kwanza zilirudi baada ya siku 19. Sheria inasema 7.

Kwa Disemba nimeshampelekea Mzee wa Belgrave Road arbuni ya pauni 50. Amenipa risiti ya karatasi, ameiandika kwa mkono: Leicester hadi Mombasa, tiketi moja.